Shemeji Aliyepeleka Mbuzi Angani

Habari ya kwamba shemeji yangu mtarajiwa ana mke angani niliisikia nikishona sketi za shule, asubuhi, katika kibanda changu sokoni Kola. Jirani yangu pale sokoni anauza mboga. Yeye ana redio na mimi nina kivuli, kwa hivyo redio hukaa upande wangu na sote tunasikiliza. Asubuhi hiyo mtangazaji wa stesheni moja ya Kikamba alikuwa amemwalika mwimbaji wa benga aeleze jinsi viumbe wa angani walivyomchukua. Mwimbaji huyo alikuwa na miadi nyumbani kwetu mwisho wa mwezi, kuleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya mdogo wangu wa kike.

Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kumpa mwanamke pete, cheti, harusi ya kanisa na nyumba ya mabati mapya, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwao, huyo mwanamke bado hajaolewa. Ni mgeni aliyekaa sana. Mbuzi ni watatu. Mmoja huchinjwa siku hiyo na watu wa pande zote mbili humla pamoja, na akishaliwa mambo yamekwisha. Watu hudanganya kuhusu umri wao, kazi yao, hata dini yao, lakini sijawahi kusikia mtu akidanganya kuhusu ntheo.

Baba na mama walituacha katika mwaka mmoja. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tatu, na kitindamimba wetu alikuwa bado hajaanza shule. Baba mdogo, ndugu yake baba, alitaka tugawanywe kwa jamaa kama vifaranga. Nilikataa. Niliacha shule, nikajifunza kushona kwa mama mmoja wa kanisa letu, na nikawalea. Baba mdogo aliniambia siku hiyo kwamba mtoto halei mtoto, na tangu hapo amekuwa akija kila Jumapili baada ya misa kuangalia kama ameshinda.

Kwa mdogo wangu nilitaka jambo moja tu. Nilitaka aondoke kwetu kwa njia iliyonyooka, mbuzi wakiwa uani na watu wetu wakiona, ili asije akawa msichana wa kusemwa kwamba alikwenda hivi hivi kwa kuwa hakuwa na wazazi wa kumuulizia.

Huyo mwimbaji nilimpenda mapema. Alikuwa mtu wa upande wa Kalama, mcheza gitaa mzuri, anajulikana kutoka Machakos hadi ndani kabisa Kitui, na bado alikuwa akija kwetu anachambua mbaazi na sisi kama mtu asiyejulikana. Aliniita mama ingawa tumepishana miaka michache. Siku moja alifika saa ya chakula akiwa amechelewa na mchovu. Akatueleza kwamba alfajiri, akitoka kupiga muziki Wamunyu, gari lilimzimikia barabarani. Akaona taa nyeupe juu ya kilima, kali kama ya mtu anayechomelea vyuma. Ilisimama kidogo, ikaondoka, na gari likawaka. Ilikuwa hadithi fupi. Mdogo wangu alimuuliza kama alikuwa amekunywa. Akasema kidogo. Tukaendelea kula.

Kama si simu, ingeishia hapo. Wiki chache baadaye alikuja kibandani kunionyesha video. Kulikuwa na mwimbaji wa ng'ambo aliyesema alisemeshwa na viumbe akiwa amelala kwenye paa la nyumba yake, mwigizaji wa kike aliyesema walimponya mgongo, na mwanandondi mstaafu aliyelia mbele ya kamera akisema anawakosa.

“Unaona, mama,” aliniambia. “Hawa wote ni watu wakubwa. Hakuna hata mmoja mdogo.”

Nilimwambia labda na wadogo huwa wanaona, ila hakuna anayewauliza. Alifikiria jambo hilo kwa makini, kisha akasema ndiyo maana yeye lazima aulizwe.

Baada ya hapo, kila alipopanda jukwaani ile taa iliteremka kidogo. Kwenye harusi moja pale Kola ilikuwa tayari juu ya miti. Kwenye mchango wa kanisa ilikuwa imetua na imefunguka mlango. Alipokwenda kuimbia mkutano wa mwanasiasa, ndani ya mlango palikuwa na watu, nao walikuwa wamemwita kwa jina lake la kisanii. Watu walipenda sana sehemu hiyo. Walianza kumwita kila mahali, na kila aliyemwita aliomba kwanza habari ya taa, kisha nyimbo.

Akaja na kitambaa. Alitaka nimshonee mavazi ya wachezaji wake, mavazi kama aliyoyaona huko, na kitambaa chenyewe kiling'aa kama pakiti ya krispi iliyopinduliwa nje ndani. Mimi nikipewa kazi huuliza maswali. Nilimuuliza hao watu wana mikono mingapi. Miwili, akasema, lakini inafika magotini. Nikamuuliza msichana atashikaje kipaza sauti akiwa na mikono ya magotini, akasema niache matundu mahali pa viganja. Nikauliza kuhusu shingo. Akasema hawana, kichwa kimekaa tu juu ya mabega. Nilimweleza kwamba wachezaji wake wana shingo na wanazitumia kupumua, tukakubaliana nishone kola ndefu. Mwisho nikamuuliza kama nguo zao zinafungwa kwa vifungo au zipu. Hapo aliinua macho kwenye dari ya mabati, kama mtu anayekumbuka kweli.

“Zipu,” akasema. “Na iko nyuma.”

Nikaweka zipu nyuma. Sikuona ubaya. Wengine huimba wakiwa wamevaa ngozi za chui ambazo si za chui, na hakuna anayekwenda kumuuliza chui.

Sasa, asubuhi ile redioni, mtangazaji alimuuliza kama huko juu kuna wanawake. Akasema wapo. Akaulizwa kama walimpenda. Akasema walimpa mmoja. Mtangazaji akacheka, akamuuliza kwa utani, hivyo hivyo tu, bure? Na huyu kijana, ambaye hadi hapo angeweza kusema lolote na asilete madhara, akajibu kwamba yeye ni Mkamba. Akasema aliwaeleza kwamba kwao mwanamke hachukuliwi bure, na kwamba aliteremshwa, akatafuta mbuzi wa ntheo, watatu, akawapeleka pale pale kilimani. Wakavutwa juu na ile taa mmoja baada ya mwingine, wakilia. Mmoja alikuwa mweupe, mmoja wa kijivu, na mmoja alikuwa na shingo nyeusi.

Mtangazaji alicheka mpaka likaingia tangazo la dawa ya kupe. Jirani yangu alipunguza sauti ya redio.

“Huyo si mkwe wenu?”

Nikamwambia ndiye.

“Kumbe dada yako ni wa pili,” akasema, bila ubaya wowote, akipanga nyanya zake.

Baba mdogo alifika kabla ya adhuhuri, kwa bodaboda, akiwa amevaa koti lake la mikutano. Kama kuna watu angani au hakuna, yeye hakujali. Alisema hayo ni ya padri. Alichotaka kujua ni habari ya mbuzi. Nilimweleza kwamba yalikuwa maneno ya kuchekesha redioni. Akaniuliza, mtu anayechekesha hutaja rangi? Yeye amekaa kwenye mikutano ya ndoa tangu kabla sijazaliwa, na hajaona mtu akitaja rangi za mbuzi ambao hana. Kama kijana ametamka mbele ya Ukambani mzima kwamba amepeleka ntheo, basi ameoa. Huyo wa juu ndiye mke wa kwanza, na wetu hawezi kuingia kabla wa kwanza hajajulishwa. Nani angepanda kwenda kumjulisha?

Aliona njia moja tu. Ndoa ya Kikamba ikivunjika, huko kwao mwanamke hutoka mbuzi wa kukataa, anarudishwa kwa mume, na hapo kila mtu yuko huru. Basi mbuzi huyo arudishwe. Nikamuuliza arudishwe kutoka wapi. Akainua kidole kuelekea juu, akarudi kwenye bodaboda. Hakuwa akitania, na alisema wazi kwamba bila hivyo yeye hatagusa kamba ya mbuzi yeyote uani kwetu.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo mjini Machakos. Siku hiyo aliporudi aliniambia wateja walikuwa wamemuuliza mchana kutwa dawa ya minyoo ya mbuzi wanaosafiri juu sana, na mmoja alitaka kujua kama mbuzi akipanda haraka hivyo maziwa huharibika. Aliyasimulia hayo akicheka kutoka langoni hadi mlangoni. Alipoingia ndani alikaa kwenye kiti na hakugusa chakula.

“Mimi namtaka, dada,” akasema. “Hata akiwa mjinga, namtaka. Lakini kama baba mdogo hapokei hao mbuzi, siendi. Sitaki kwenda kama kitu kiliokotwa.”

Nilimwambia ale. Hakula.

Nilimwita kijana. Alikuja kibandani siku iliyofuata akiwa na miwani nyeusi, na kabla hajakaa watoto wawili walikuwa wamemuuliza kama mbuzi walifika salama. Alianza kunieleza kwamba ni kazi tu, kwamba redio inataka utamu, kwamba kila mtu anaelewa. Nilisimamisha cherehani.

“Niambie kile uliona,” nikamwambia. “Si kile ulisema.”

Alivua miwani. Aliangalia vipande vya kitambaa sakafuni.

“Taa niliiona, mama.”

“Na hizo zingine?”

“Niliongeza.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi niliongeza pale pale. Huyo mtangazaji aliniuliza kama nilipewa bure. Nikasikia aibu. Ningeambia watu aje, ati nilichukua msichana wa watu bila kupeleka kitu?”

Nilikuwa nimejitayarisha kumkasirikia, na maneno hayo yakanitatiza. Alikuwa amebuni safari, watu, mlango na mke, na katikati ya uongo wote huo hakuweza kujiona kama mtu asiye na adabu. Nilimwambia arudi pale pale redioni aseme vile alivyoniambia mimi. Alisema ana maonyesho hadi Krismasi na kila mmoja anataka wale wachezaji wa kung'aa. Akikana, watamwita nani? Nilimwambia hilo silijui. Ninalolijua ni kwamba mwisho wa mwezi uko pale pale.

Kisha akaniuliza kama naweza kumpunguzia suruali kiunoni, nikampunguzia, akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi redioni. Jirani yangu alikuwa ameongeza sauti hata kabla hajaanza kusema, na mwenye duka la simu alizima muziki wake. Kijana alisema kwa sauti ya kawaida, bila mzaha, kwamba aliona taa na si kingine. Hakuchukuliwa. Hakuna mwanamke. Hakuna mbuzi. Aliomba radhi kwa wazee. Mtangazaji hakujua la kufanya na ukweli huo, kwa hivyo akafungua simu.

Mpigaji wa kwanza alitaka kujua nani amemtisha. Wa pili alisema hiyo sauti si yake; walimrudisha mwingine mahali pake, na kama ni yeye kweli basi aimbe. Akaimba ubeti mmoja. Mpigaji akasema wamemwiga vizuri sana. Wa tatu alikuwa mama mzee, naye alimuuliza kwa huruma kwa nini anamkana mke wake mbele ya watu, au hawakujaliwa mtoto? Wa nne alikuwa mtu wa upande wa Wamunyu aliyepoteza mbuzi mwenye shingo nyeusi kipindi hicho hicho, na alikuwa akiomba kuelekezwa kile kilima.

Kufikia jioni kila simu sokoni ilikuwa na sauti yake akikana. Maonyesho hayakupungua. Yaliongezeka, kwa sababu sasa alikuwa msanii aliyenyamazishwa. Walimwamini siku hiyo kuliko siku zote alizodanganya, na yeye mwenyewe alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa, akiniuliza afanye nini tena. Nilimwambia avae shati la kawaida na alete mbuzi.

Nilidhani baba mdogo angeridhika. Jumapili alikuja baada ya misa, akakaa, akanywa chai yote, ndipo akasema mambo yameharibika zaidi. Mwanzo alikuwa akishughulika na mtu mwenye wake wawili, jambo ambalo hata babu zetu walilimudu. Sasa ana mtu anayetoa ntheo kisha anakana.

“Leo amemkana wa watu,” akasema. “Kesho atamkana wetu.”

Nilimwongezea chai. Lakini nilishinda na neno hilo kichwani siku kadhaa nikishona, na kadiri nilivyoshona ndivyo nilivyoona kwamba kila mtu alikuwa na neno lake kuhusu mwanamke ambaye hayupo, na msichana aliyepo alikuwa akipungua mwili. Kwa hivyo nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta akiziba mashimo ya ua. Nilimwambia mbuzi wanakuja Jumamosi. Akipenda, aje apokee. Asipokuja, nitapokea mimi.

Akasema mwanamke hapokei ntheo.

Nikamwambia hata mtoto halei mtoto. Akaendelea na ua wake, nami nikarudi nyumbani.

Jumamosi walikuja mchana wakiwa na mbuzi nyuma ya pikapu. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe la kawaida. Alikuja na baba yake, mwashi mstaafu mwenye maneno machache, pamoja na wazee wa kwao. Nyuma yao zikaja bodaboda ambazo hatukuzialika. Vijana walijipanga nje ya ua wetu wa minyaa, simu mkononi. Hawakutuangalia sisi. Wengi walikuwa wakiangalia juu, maana ilikuwa imeenea kwamba mbuzi wakifika uani, wale wa angani watakuja kuwachukua.

Baba mdogo alikuja pia, amevaa koti. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akamaliza chai yake, kisha akasimama mbele ya mbuzi akiwa ameweka mikono nyuma.

“Kabla sijagusa kamba,” akasema, “kuna mwanamke mwingine yeyote, wa chini au wa juu, umempelekea mbuzi?”

“Hakuna, baba.”

“Usiogope, msanii,” mmoja akapaza sauti nje ya ua. “Sema tu.”

“Hawezi,” mwingine akamjibu. “Wanamsikiliza.”

Wazee waligeuka na vijana wakanyamaza kidogo. Ndipo baba wa kijana akainuka, na nadhani alikuwa ameyatafakari maneno yake njia nzima. Alisema ntheo hutoka zizini kwa baba ya mtu, baba akijua. Mbuzi wake wote wapo. Kama kuna mbuzi waliokwenda juu, hawakutoka kwake, na ntheo ambayo baba hakuijua si ntheo. Kwa hivyo hata kama mtoto wake alikwenda, na hata kama huko kuna mwanamke, hiyo haikuwa ndoa.

Yalikuwa maneno mazito na wazee waliyapokea kwa kutikisa vichwa. Mimi mwenyewe nilianza kupumua. Baba mdogo pia alitikisa kichwa, polepole, kisha akauliza, kama hawakutoka kwa baba yake, walitoka kwa nani? Maana kama walikuwa wa mtu mwingine, basi hapa hatuna mwenye wake wawili. Tuna mwizi wa mbuzi.

Wazee wa pande zote wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja aliuliza kama yule mtu wa Wamunyu ameshampata mbuzi wake. Mwingine alitaka kujua kama wizi unaofanywa ili kupeleka angani unahesabiwa kuwa ulifanyika wapi. Kijana alisimama katikati akiwa ameshika kofia, jasho likimtoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na nilimwona akifungua kitambaa chake cha kichwani kama mtu aliyekubali kwamba sherehe imekwisha.

Baba mdogo akainua mkono wakanyamaza. Kisha akanigeukia mimi. Katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuniuliza jambo mbele ya watu.

“Wewe ndiye umemlea,” akasema. “Sema. Tule mbuzi hawa au tusile?”

Swali hilo kwa kawaida huulizwa msichana mwenyewe, kwa hivyo nilimwita. Alikuja akasimama karibu nami, kitambaa mkononi. Nilimuuliza kama alivyoniuliza baba mdogo, maneno yale yale, polepole, ili wote wasikie. Alimtazama kijana. Akamtazama baba mdogo.

“Kuleni,” akasema. “Huyo mwenzangu akishuka, atanipata jikoni. Tutaongea.”

Mzee mmoja wa upande wao alipaliwa na chai. Nje ya ua vijana waliinamia simu zao. Nafikiri walikuwa wakiangalia kama simu zimeshika maneno hayo. Nikamwambia baba mdogo kwamba amesikia, na kwamba mimi nasema vile vile. Nikainuka kwenda kushika kamba.

Alinitangulia. Alichukua kamba kutoka mkononi mwa mwashi, akamvuta mbuzi wa kwanza karibu, akapitisha kiganja juu ya uti wa mgongo na kubonyeza mbavu. Kisha akasema mbele ya wote kwamba katika nyumba hii hatujazoea kuletewa mbuzi waliokonda namna hii, na wamekuwa wakichungwa wapi, juu ya mawe? Baba wa kijana akaanza kujitetea habari ya mvua. Nikaenda kutafuta sufuria kubwa.